Juu Kanisa, Chini Chama

3 Desemba
Mvua imeshika. Shamba la juu tumelimaliza kupanda, la chini bado nusu, na mgongo wangu unanidai. Kitabu hiki cha tarehe kanipa mwanangu, Mchungaji Labani Chikopa, wa usharika wa bomani. Alisema, "Mama, una maneno mengi. Yaandike, masikio yetu yapumzike." Mimi Enelesi nilifika darasa la tano shule ya misheni, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wengine. Basi naandika.

Jana Labani alivuka mto akaja kuhubiri hapa kwetu Msuku. Wote tunajua mbolea ya serikali mwaka huu ilivyotolewa: mwenye kadi ya chama alibeba mfuko, asiye na kadi alibeba mikono yake. Wachungaji wengine wameufyata. Mwanangu alisimama mimbarani, chifu amekaa benchi la mbele, akasema: "Mbolea hii ni kodi yenu inarudi nyumbani. Njaa haina kadi. Na mkono unaomwuliza mwenye njaa kadi yake, Mungu naye atauuliza mkono huo ulikuwa wa nani." Chifu akaanza kukagua viatu vyake kama vipya.

Tulipotoka kila mama alinishika mkono. "Mama Labani, tumbo lako lina baraka." Nikajibu, "Tumbo ni la Mungu, mimi nilikuwa mlango tu." Lakini shingo niliinyoosha, siwezi kudanganya kitabu. Dorika akaniona. Dorika ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, na kwetu binamu ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu. Akapaza sauti, "Shusha shingo, twiga wewe, utagonga kenchi za kanisa!" Watu wakacheka mpaka Mzee Gideoni, mzee wa kanisa, akageuka kujifuta macho.

Nimemsamehe. Ndiye aliyempokea Labani alipozaliwa, na ndiye aliyemfundisha kuimba.

8 Desemba
Palizi. Kuku wa Dorika kala mbegu zangu. Nimemlalamikia. Kasema kuku wake ni muumini, anachukua fungu la kumi tu.

14 Desemba
Mbunge wetu amefariki hospitalini Lilongwe. Bwana amlaze pema. Daraja la mto wetu, Namitondo, alilotuahidi amekwenda nalo.

17 Desemba
Mazishi ya mbunge. Aliyehubiri ni nani? Ni wangu. Mawaziri walikuwa kwenye viti vya kukodi, chini ya turubai, na Labani aliwahubiria kama watoto wa Shule ya Jumapili: kwamba cheo ni shati la kuazima, utalirudisha kwa mwenyewe, na atalikagua kola na kwapa. Waziri mmoja alitoa leso. Baadaye alimshika Labani begani wakazungumza pembeni muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama wale wanaotazama.

22 Desemba
Gari kubwa jeusi limepita hapa kijijini likiuliza nyumba ya mama wa Mchungaji. Mama wa Mchungaji! Wageni walikuwa wanaume watatu wa chama. Niliwachinjia jogoo, nikawapikia nsima laini, ule ugali wetu, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Wakasema mtoto kama huyu haokotwi njiani. Nikawaambia najua, nilikuwepo.

25 Desemba
Krismasi. Labani alikuja na mkewe. Baada ya chakula akasema, "Mama, chama kinanitaka nigombee kiti cha marehemu. Uchaguzi ni Februari."

Dorika alikuwa kwangu, anakwangua sufuria. Akauliza, "Chama kipi?"

"Chama tawala, Mama Dorika."

"Kile cha mbolea?"

Labani akacheka kile kicheko chake kizuri. Akaeleza vizuri sana, laiti ningeweza kuandika yote. Kwamba chumvi ikikaa kwenye kopo haikolezi mboga. Kwamba Yusufu aliingia nyumba ya Farao akaokoa taifa na njaa. "Nikikaa nje napiga kelele tu. Nikiwa ndani, nageuza."

Dorika akasema, "Yusufu aliingia kwa Farao kafungwa kamba, mwanangu. Hakufuatwa na gari."

Nilimwambia aache uchawi siku ya Krismasi. Wivu ni ugonjwa, na yeye hakujaliwa mtoto. Sikumwambia hilo. Nimeliwaza tu.

6 Januari
Leo mwanangu amevua kola yake ya uchungaji. Kanuni ya kanisa letu ni hiyo: mchungaji akitaka siasa, anaivua mbele ya wazee, na meza ya Bwana haihudumii tena mpaka kanisa limrudishe. Kola yenyewe ni kipande cha plastiki cheupe, chepesi kama ganda la yai. Labani akaniwekea kiganjani. "Nitunzie, Mama. Nitaifuata."

Nimeiweka kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.

9 Januari
Mvua imekata. Mahindi yamefika magotini na majani yameanza kujikunja.

15 Januari
Jua. Ghala za watu wengi zimebaki na vumbi. Lakini nina habari njema, nayo ni kazi ya kichwa changu mwenyewe.

Labani anakwenda kuwaahidi watu daraja. Nikafikiri, sisi Umoja wa Akina Mama tuna wimbo wa mto, ule wa mazishini, tunaomwimbia mtu akishushwa kaburini. Mimi kiongozi nauliza: "Mto umejaa, nani atanishika mkono?" Halafu nalitaja, "Yesu," na wote wanaitikia, "Yesu, Yesu, atanishika mkono." Sasa ukiutia ngoma, ukaukimbiza kidogo, na pale penye Yesu ukaweka Labani! Silabi zinakaa kama kifuniko kwenye chungu, ukiuma ya mwisho kidogo. Hata zamani nyimbo za siasa zilitoka kanisani, kila mama hapa amewahi kumchezea mkubwa fulani kwa sauti ya tenzi. Sikuanza mimi. Ila huu ni mtamu kuliko yote.

Nimewafundisha leo chini ya paa la kanisa. Vijana wa kike waliudaka mara moja. Dorika, ambaye ndiye sauti yetu ya pili, alikaa na mikono mapajani.

"Imba, binamu."

"Nangoja mahali pangu."

"Mahali pako pamepita."

"Ndicho ninachoona," akasema.

22 Januari
Tumeimba tena. Ngoma ya Mama Felesta imepasuka. Jua bado.

28 Januari
Mkutano mkubwa uwanjani. Tulikuwa na shida, kwani sare ya Umoja haivaliwi kwenye siasa, imeandikwa, na Mzee Gideoni alikuja mwenyewe kutukumbusha. Chama nacho kimetuletea vitenge vya zambarau vyenye uso wa kiongozi wao. Nikatoa hukumu ya Sulemani. Blauzi nyeupe na kitambaa cha kichwa tulivaa kama Umoja, kiunoni tukajifunga zambarau. Juu kanisa, chini chama. Akina mama walinipigia vigelegele kwa akili hiyo.

Dorika alikuja amevaa sare tupu, akasimama nyuma kabisa, karibu na wauza karanga.

Tuliimba mpaka vumbi likasimama. Labani aliposhuka garini, nilipouliza nani atatushika mkono, na uwanja mzima ukajibu jina lile nililomchagulia mimi, alikuwa na suti ya bluu, akapandisha mkono wa kulia juu, kiganja wazi, akauacha hapo. Watu wakalia. Mimi nililia. Sijui mama mwingine aliyewahi kupewa siku kama hiyo. Sara hakupewa. Hana alimpeleka mtoto hekaluni, basi.

4 Februari
Leo nimegombana na Dorika na sijalala mchana.

Mama Felesta aliniuliza baada ya mazoezi, "Kiongozi, sisi tuliomwimbia, ni lazima tumpigie?" Nikamjibu kwamba jina ulilolitamka kwa wimbo wa kanisa, umevaa blauzi ya kanisa, ukifika kwenye sanduku ukaliacha, hiyo ni nadhiri iliyovunjwa, na Mungu hachezewi. Wanawake wakatazamana. Nikaona imewaingia, nikafurahi.

Dorika akasimama. Huwa anatania, leo hakutania. "Enelesi, pale penye sanduku wameweka pazia. Unajua kwa nini? Ili niwe mimi na Mungu wangu, hata chifu asione. Sasa wewe umemchukua Mungu umempeleka nyuma ya pazia akanichungulie."

"Unamtetea mpinzani?"

"Sina mpinzani. Namtetea Mungu, asigeuzwe wakala wa chama."

"Basi vua sare!"

"Iliyochanganywa na kitenge ni yako. Vua wewe."

Nilimwita tasa. Nimeliandika. Mbele ya akina mama wote nililitamka, naye akafunga kanga yake vizuri akaenda zake. Binamu hutukanwa, lakini kuna tusi moja ambalo utani haulifuniki, nami najua ni hilo.

Kesho nitampelekea ndizi.

5 Februari
Sikumpelekea. Yeye ndiye mdogo, aje kwanza.

11 Februari
Watu wanapika pumba. Mvua imerudi usiku, yote kwa pamoja, kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo.

16 Februari
Mahindi ya msaada yamekuja, malori mawili. Magunia yameandikwa ni ya serikali. Yameshushwa uwanja wa kanisa kwa sababu ndipo palipo pakavu, na Labani alikuja kugawa kwa mikono yake, maana ni wiki ya mwisho kabla ya kura. Nilikaa kwenye kiti karibu naye. Kefasi, kijana aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa, sasa ni mkubwa wa vijana wa chama. Ndiye aliyesimama mlangoni.

Nilidhani watapita wote. Kumbe aliyevaa zambarau alipita, asiyevaa aliambiwa, "Subiri pembeni." Pembeni pakajaa. Kuna waliokimbia nyumbani wakarudi na kitambaa chochote chenye rangi inayokaribia. Mzee mmoja alikuja na pazia. Kefasi aliona inachekesha, akampitisha.

Halafu akaja Dorika, na sare yake ya Umoja, iliyofuliwa, iliyopigwa pasi. Kikapu mkononi. Amekonda, nami nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake sikuwa nimeona.

Kefasi: "Bibi, kitenge kiko wapi?"

"Kiko kwa aliyekitaka."

"Basi pembeni."

Dorika hakwenda pembeni. Alimpita, akaja mpaka mezani, akasimama mbele ya Labani. Hakupaza sauti. Alisema, "Njaa haina kadi. Ni nani aliyesema hivyo, mwanangu? Mimi nimesahau, uzee. Alikuwa kijana mmoja mzuri, alihubiri humo ndani."

Nilimtazama mwanangu. Nilikuwa najua atakachofanya. Atasimama, atachukua kikapu, atamjazia, atasema neno la kuchekesha na watu wote watapiga makofi, na hiki kitu kinachoniuma tangu tarehe nne kitapona. Nilishaanza kutabasamu.

Labani akasema, "Mama Dorika, utaratibu ni utaratibu." Akatoa simu mfukoni akaitazama. Haikuwa imelia. Nilikuwa karibu, niliona kioo kimezimika, cheusi, anatazama uso wake mwenyewe.

Kefasi akamshika Dorika kiwiko. Hakumsukuma, siwezi kusema alimsukuma. Alimsindikiza kama mtu anayemtoa kuku jikoni.

Na mimi? Nilikuwa kwenye kiti.

17 Februari
Nilijaza kikapu kutoka gunia langu, nikapeleka. Dorika alikuwa anachemsha kitu. Akasema, "Rudisha ulikokitoa, binamu. Mahindi yale yana masharti na mimi sina meno ya kutafuna masharti." Nikamwomba msamaha kwa lile neno. Akasema neno lile halikumuua, keti. Tulikaa. Chungu kilikuwa na mizizi ya mlimani, ile inayochemshwa na kumwagwa maji mara nyingi ili isitie kizunguzungu. Alinipa kipande. Kichungu.

21 Februari
Mvua kubwa. Nimemwona Dorika mlimani na jembe dogo, anachimba, mwili mzima umelowa. Nilimwita. Upepo ulikuwa unakuja kwangu, hakusikia.

24 Februari
Kura. Foleni ilizunguka shule. Dorika alikuwa mbele yangu, anakohoa. Tulipofika, akageuka, akanyoosha kidole kwenye pazia, akaniambia, "Ukiniona nakawia humo ndani, ujue namsogeza Mungu apate nafasi." Nilicheka, na wasimamizi wakanionya.

Nilimpigia mwanangu. Ningempigia nani? Lakini niliposhika ile kalamu nilikumbuka kioo cha simu kilichozimika.

26 Februari
Ameshinda, kwa mbali sana. Ngoma, vigelegele, Msuku nzima imepiga kelele, na nimebebwa mabegani nikiwa na umri huu. Mheshimiwa Labani Chikopa. Mama Mheshimiwa. Naandika haya ili yawepo.

5 Machi
Labani amekwenda Lilongwe kuapa. Mto umefika kwenye mti wa mwisho.

7 Machi
Dorika hakuja kanisani. Kifua. Nimempelekea uji wa mahindi mabichi kutoka shamba langu mwenyewe, haya hayana masharti. Alikunywa nusu.

11 Machi
Jana alfajiri Dorika alikuwa hapumui vizuri. Tulimweka kwenye machela ya miti, wanaume wanne, mimi nikashika mwavuli, tukateremka kwenda Namitondo ili tuvuke kwenda hospitali ya bomani. Mto ulikuwa umekula kivuko. Maji mekundu, yanabeba matawi na paa la banda la mtu. Upande wa pili tunauona. Hata mbuzi tuliwaona wanakula.

Lipo daraja la juu, kwenye mashamba ya tumbaku, lakini kwa miguu ni mwendo wa siku nzima. Linataka gari. Na chama kina magari mawili bomani, yana picha ya mwanangu milangoni. Nikampigia simu. Nilijivuna hata pale, Mungu anisamehe. Niliwaambia wanaume, "Tulieni, nampigia Mheshimiwa."

Akapokea Kefasi. Siku hizi ndiye anayebeba simu yake.

"Bibi, Mheshimiwa yuko kwenye maombi."

"Maombi gani asubuhi hii?"

"Maombi ya viongozi, ya taifa. Hotelini. Wanafungua kinywa pamoja, wanaiombea nchi. Hatoki mpaka wakubwa watoke."

"Mwambie ni Dorika. Mwambie ni aliyempokea."

"Nitamwambia wakisema amina."

Nilipiga tena. Nilipiga tena. Baadaye ikawa haipatikani.

Tulimlaza Dorika chini ya kibanda cha wauza samaki. Nilimshika kichwa. Akasema, "Amesali mpaka wapi?" Nikasema bado. Akatabasamu. Baada ya muda akaniambia, sauti ndogo, ilibidi niiname: "Nilimpigia kura, unajua."

"Ulimpigia nani?"

"Labani. Yule wa mbolea. Nilisema labda yumo bado. Ukimwona, mwambie namtafuta."

Gari halikuja. Aliondoka wakati wauza samaki wanahesabu watavukaje, hakuna aliyegundua ila mimi. Nilikuwa nasema naye kuhusu yule kuku wake.

14 Machi
Tumemzika Dorika.

Labani alikuja. Maji yalikuwa yamepungua, lakini alizunguka kwa daraja la juu na magari matatu, na ndani ya moja jeneza linalong'aa, lenye vishikio vya dhahabu ya rangi, maana mbunge wetu yeyote hutoa jeneza, ndiyo desturi iliyobaki hata ahadi zikifa. Kwenye kifuniko walikuwa wameweka kitenge cha zambarau. Nilikiondoa mwenyewe. Hakuna aliyenizuia.

Nilimfuata mwanangu kabla hajafika kwa watu. "Dorika kakuachia neno. Kasema anamtafuta Labani wa mbolea."

Uso wake ulivunjika. Nimemzaa, naujua, kwa kitambo kidogo alikuwa humo, yule yule, ana miaka sita na amevunja chungu. Nikanyoosha mkono. Akatazama nyuma yangu, watu walipokuwa, akasema taratibu, "Mama, siyo leo. Watu wanaangalia."

Mzee Gideoni aliomba. Labani alipewa nafasi, akasema marehemu alikuwa mama wa wote, na kwamba serikali inayojali haitasahau mto huu. Kefasi akapiga makofi kisha akakumbuka tupo wapi.

Wachimba kaburi wakashika kamba. Ndipo zamu yetu. Akina mama wote walikuwa na sare tupu, nilikuwa nimewaagiza, hakuna zambarau hata leso. Nikasimama kichwani pa kaburi, pale Dorika alipokuwa akisimama kushoto kwangu, pakawa na pengo. Nikaanza polepole, bila ngoma, kama tulivyofundishwa.

Mto umejaa, nani atanishika mkono?

Na mdomo wangu, huu huu, ambao nilikuwa nimeufundisha kwa wiki nyingi juani, haukungoja nifikiri. Ukatamka: Labani.

Na wao wakaitikia. Wote. Vijana wa kike kwanza, halafu wakubwa, kwa sauti nzuri, zimepangika, machozi yakiwatoka: Labani, Labani, atanishika mkono. Hawakugundua. Mama Felesta ndiye wa kwanza, niliona mkono ukimpanda mdomoni, na wimbo ukakatika kutoka upande wake kuja kwangu, kama kamba inayokatika uzi mmoja mmoja, mpaka zikabaki sauti za watoto peke yao, wanaimba jina la mwanangu ndani ya kaburi la Dorika. Watoto hawakujua kuna jina jingine. Hawajawahi kulisikia humo.

Nikainua macho kumtafuta. Nilitaka aseme. Ana sauti kubwa kuliko sote, alikuwa mchungaji, angeweza kulirudisha lile jina mahali pake kwa neno moja tu.

Mwanangu alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo na suti yake ya bluu. Kwa mazoea, alipolisikia jina lake likiimbwa, alikuwa amepandisha mkono wa kulia juu, kiganja wazi.

15 Machi
Mvua.

2 Aprili
Jana nimewaambia wazee nauacha uongozi wa Umoja. Mzee Gideoni akauliza sababu gani aandike. Nikamwambia aandike uzee.

Labani amepiga simu. Nimemwambia mahindi yanakauka vizuri. Akauliza kama nimekasirika. Nikamwuliza kama atakuja kuchukua kitu chake kwenye kopo. Akauliza, "Kitu gani?"

19 Aprili
Mavuno. Mwaka huu nimevuna na shamba la Dorika, mimi na kuku wake, maana ndugu zake wako mbali. Kwake mahindi ni mafupi lakini yamejaa.

Naimba nikikata. Naimba ule wa mto, polepole, kila siku, nijifunze tena. Nauliza vizuri, sauti bado ninayo. Nikifika penye jina nafunga mdomo, nakata shina, nalilaza, naendelea na linalofuata.